Bolti za visiwani: maswali tunayoulizwa kuhusu namba za kichwani, aina za chuma na nguvu

Maswali haya yanatufikia kaunta kila wiki kutoka kwa mafundi magari wa Mwanakwerekwe, mafundi boti wa Nungwi, wajenzi wa hoteli za Paje na Jambiani, na jamaa wa Pemba wanaopiga simu kabla ya kuagiza mzigo. Tumeyajibu kama tunavyoyajibu mdomo kwa mdomo. Mara nyingi mtu akiuliza bolti ipi ina nguvu zaidi, sisi humrudishia swali: itakaa wapi? Kisiwani bolti zinazokatwa na uzito ni chache. Nyingi zinaliwa na chumvi.

Kichwani pameandikwa 8.8. Maana yake nini?

Hizo ni hesabu mbili zilizofupishwa. Namba iliyo kabla ya nukta, ukiizidisha kwa 100, inakupa nguvu ya kuivuta bolti mpaka ikatike, kwa megapaskali, yaani nyutoni kwa kila milimita moja ya mraba. Namba ya baada ya nukta inakwambia bolti itaanza kunyooka, yaani kurefuka bila kurudi, ikifika sehemu gani ya nguvu hiyo. Basi 8.8 inakatika kwenye 800 na inaanza kunyooka kwenye asilimia 80 yake, ambayo ni 640. Ya 10.9 ni 1000 na 900. Ya 12.9 ni 1200 na 1080. Ya 4.6, ambayo ni chuma laini cha kawaida, ni 400 na 240. Utaratibu huu umewekwa na kiwango cha kimataifa ISO 898-1, nao ni wa bolti za chuma cha kaboni na cha aloi. Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, ina utaratibu wake, utaukuta chini.

Megapaskali hazimsaidii sana mtu aliyeshika bolti mkononi, kwa hiyo tuzigeuze ziwe tani. Chukua bolti ya M12, yaani yenye unene wa milimita 12 nje ya meno. Ukitoa kina cha meno, eneo la chuma linalobeba mzigo ni milimita za mraba 84.3. Ikiwa ni 4.6, itakatika kwenye kilonyutoni 34 hivi, karibu tani tatu na nusu. Ikiwa ni 8.8, ni kilonyutoni 67, karibu tani saba. Ikiwa ni 10.9, tani nane na nusu. Zote tatu ukiziweka mezani zinafanana, ila maandishi ya kichwani.

Namba ambayo watu wanaipuuza ni ile ya pili, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo yenye kazi zaidi. Bolti huanza kuharibu mambo siku nyingi kabla ya kukatika. Ikishanyooka kidogo tu haibani tena. Kilichobanwa kinaanza kucheza, nati inalegea, na mtetemo unamalizia. M12 ya 4.6 inaanza kunyooka kwenye tani mbili hivi. Ya 8.8 inafika tani tano na nusu ndipo ianze.

Kwa hiyo bolti nyembamba inaweza kuishinda nene?

Ndiyo. M10 ya 8.8 inavumilia kilonyutoni 46 kabla ya kukatika. M12 ya 4.6 inaishia 34. Fundi anayetoboa tundu kubwa zaidi ili atie bolti nene isiyo na namba amepunguza chuma cha fremu na bado hakupata nguvu aliyoitafuta.

Bolti yangu haina namba yoyote.

Ihesabu kuwa dhaifu. Kiwango kinamtaka mtengenezaji aandike daraja la nguvu pamoja na alama yake mwenyewe kwenye bolti za kichwa cha pembe sita kuanzia M5. Kichwa kitupu hakina wa kukidhamini. Kitafaa kwa bawaba za geti, kitanda, meza ya dukani, rafu. Kisifike kwenye usukani, breki, springi za gari, wala kiti cha abiria.

Nyengine ina mistari badala ya namba.

Hiyo ni ya inchi, ya utaratibu wa Kimarekani. Mistari mitatu ni gredi 5, ambayo nguvu yake ni karibu megapaskali 830, kwa hiyo ni jirani wa 8.8. Mistari sita ni gredi 8, karibu megapaskali 1030, jirani wa 10.9. Isiyo na mstari ni gredi 2 au chini ya hapo.

Hapa pana mtego unaotukuta mara kwa mara. Mteja anakuja anasema "nipe gredi nane." Akipewa 8.8 na mashine yake inataka gredi 8 ya inchi, amepewa bolti iliyo pungufu kwa asilimia ishirini na kitu. Ukisema nane, sema nane ipi.

Na kwenye gari za Kijapani naona namba moja tu, 4 au 7 au 9.

Wajapani walikuwa na desturi ya kuandika nguvu kwa kilo kwa kila milimita ya mraba, wakaifupisha. Ile 4 ni kilo 40, kama megapaskali 390. 7 ni kilo 70, kama 690. 9 ni kilo 90, kama 880. Usiisome 7 ukadhani ni pungufu kidogo tu ya 8.8 ukaacha hapo: kama unabadilisha, panda, usishuke. Badala ya 7 weka 8.8. Badala ya 9 weka 10.9.

Naomba bolti ya 14.

Swali hili fupi lina jibu refu, maana linarudisha watu dukani kuliko jengine lolote.

Fundi anaposema "bolti ya 14" anataja spana, si bolti. Kumi na nne ni upana wa kichwa. Bolti yenyewe inapimwa unene wa meno yake, ndiyo ile M: M8 ni milimita nane nje ya meno, M10 ni milimita kumi. Spana haiwezi kukwambia M kwa uhakika, kwa sababu nchi zinatofautiana. Kwenye gari la Kijapani, M8 inafunguliwa kwa spana 12, M10 kwa 14, M12 kwa 17. Kwenye bolti za dukani zilizofuata utaratibu wa zamani wa Kijerumani, M8 ni 13, M10 ni 17, M12 ni 19. Utaratibu mpya wa kimataifa umeshusha hizo mbili za mwisho zikawa 16 na 18. Kwa hiyo ukiomba "bolti ya 17" unaweza kupewa M10 au M12, na muuzaji hajakudanganya.

Baada ya unene kuna hatua ya meno, yaani umbali kutoka jino moja hadi la pili. M12 ya kawaida ina hatua ya milimita 1.75. Lakini bolti za tairi za Toyota nyingi ndogo ni M12 yenye hatua ya 1.5, meno membamba. Nati ya moja itaanza kuingia kwenye bolti ya nyengine, itazunguka mara moja au mbili, kisha itagoma. Kijana mwenye nguvu ataongeza bomba kwenye spana, na hapo meno ya pande zote mbili yameshakwenda.

Inchi na milimita nazo zinadanganyana. Bolti ya inchi tano kwa kumi na sita ni milimita 7.94, jicho haliwezi kuitofautisha na M8. Hatua yake ya meno lakini ni milimita 1.41, na ya M8 ni 1.25. Inaingia, inagoma, inaharibu.

Njoo na bolti ya zamani hata ikiwa imekatika, na ikiwezekana na nati yake. Kama umeiacha kazini, ifute, ipige picha kichwani na ubavuni, rula iwe pembeni yake. Nati inayozunguka kwa vidole hadi mwisho ndiyo yake. Inayoomba spana katika mizunguko ya mwanzo irudishe.

Si bora nichukue 12.9 kila mahali nipumzike?

Hapana, na tunaikataa biashara hiyo ingawa bolti za 12.9 zina faida zaidi kwetu.

Kwanza, chuma kigumu hakitoi onyo. Bolti ya 4.6 inapozidiwa inajinyoosha na kujipinda, utaiona. Ya 12.9 inakaa kimya, kisha inakatika mara moja.

Pili, kuna haidrojeni. Chuma kigumu sana kinapotiwa zinki kwa umeme, haidrojeni huingia ndani yake wakati wa kusafishwa kwa asidi na kupakwa. Bolti inafungwa leo vizuri, inapita siku moja au mbili, inakatika yenyewe usiku bila ya mtu kuigusa. Hatari hii inaanza kuonekana kwenye 10.9 na ni kubwa kwenye 12.9. Ndiyo sababu 12.9 nyingi unazikuta nyeusi zenye mafuta tu, bila zinki. Sasa ichukue hiyo nyeusi uipeleke Kizimkazi au Micheweni mita chache kutoka majini: itashika kutu kabla ya msimu kubadilika, na kutu lenyewe pia linazalisha haidrojeni juu ya chuma.

Tatu, mashine nyengine zimewekewa bolti dhaifu makusudi. Rotaveta ya trekta inayolima mpunga Cheju ina bolti kwenye shafti ambayo kazi yake ni kukatika jembe likigonga jiwe, ili giaboksi ipone. Mashine za boti za zamani zina pini ya namna hiyo kwenye propela. Akitokea mtu akaweka bolti ngumu kwa sababu amechoka kubadilisha, siku ya jiwe atanunua giaboksi. Soma kitabu cha mashine, weka daraja lililotajwa humo, si juu wala chini.

Ya 12.9 ina kazi zake: ndani ya injini, kwenye moldi, kwenye mashine zilizofichwa ndani ya mafuta.

Kwenye stenlesi naona A2-70 na A4-80. Hizi ni nini?

Herufi na namba ya kwanza ni aina ya chuma. Namba ya mwisho ni nguvu. A2 ndiyo ile mafundi wanayoiita 304, yenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8. A4 ndiyo 316, imeongezwa molibdenamu asilimia mbili hadi tatu, na hiyo molibdenamu ndiyo inayopigana na chumvi. Sabini ni megapaskali 700, themanini ni 800. Iko pia ya 50, yenye megapaskali 500, nayo ni laini kweli: inaanza kunyooka kwenye 210.

Watu wengi wanaamini stenlesi ndiyo bolti yenye nguvu kuliko zote kwa sababu ni ghali na inang'aa. A2-70 inaanza kunyooka kwenye 450, wakati 8.8 ya kawaida inafika 640. Unapoilipia stenlesi unalipia maisha yake mbele ya chumvi. Ukitoa 8.8 kwenye gari ukaweka A2-70 ya unene uleule kwa ajili ya uzuri, umeshusha nguvu kwa karibu theluthi. A4-80 inakaribia, kwa 600.

Ipi ya wapi? Ndani ya nyumba Amani au Chake Chake mjini, A2 inatosha. Ukisikia wimbi kutoka ulipo, chukua A4. A2 ufukweni haiozi kama chuma, lakini inapata madoa ya rangi ya chai na baadaye vitundu vidogo, na hoteli iliyolipa pesa nyingi kwa ngazi za bwawa haitafurahi. Hata A4 inahitaji kuoshwa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Ajabu yake, bolti iliyo juani inayonyeshewa na mvua huishi kuliko iliyo chini ya paa, kwa sababu mvua inaosha chumvi na ile ya chini ya paa inajikusanyia tu.

Sumaku inaweza kuniambia kama ni stenlesi ya kweli?

Kidogo. Sumaku ikishika kwa nguvu kama inavyoshika msumari, hiyo si A2 wala A4. Ikivuta kidogo sana, inaweza kuwa ya kweli, maana stenlesi ikishapondwa baridi kiwandani kutengenezwa kichwa na meno huanza kuvutwa. Lakini A2 na A4 sumaku haizitofautishi kabisa. Kwa hilo tegemea maandishi ya kichwani na muuzaji unayemjua, au kuna dawa ya matone inayobadilika rangi ikikuta molibdenamu.

Bolti ya stenlesi imegandana na nati na haitoki wala haiingii. Ina kasoro?

Haina kasoro, ni tabia yake. Stenlesi juu ya stenlesi ikifungwa kavu na kwa haraka, hasa kwa mashine, nyuso zake zinashikana na kuungana. Paka grisi ya nikeli au ya shaba, funga kwa mkono polepole. Iliyokwishaganda ikate.

Zinki nyeupe, zinki ya njano na galvanaizi zina tofauti gani?

Nyeupe inayong'aa na ya njano ni zinki ya umeme. Unene wake mara nyingi ni maikroni tano hadi nane. Ya njano imepakwa kinga ya ziada juu yake, haikuongezewa nguvu. Galvanaizi ya kuchovya kwenye zinki ya moto ina sura ya kijivu, mbaya, yenye mikwaruzo, na unene wa maikroni 50 hivi. Zinki huliwa kwa kadiri ya unene wake, kwa hiyo hesabu mwenyewe: ile mbaya wa sura itaishi mara sita au zaidi ya ile nzuri. Kwa mapaa, minara ya matangi na nguzo za umeme wa jua, tunapendekeza ya kuchovya kila mara.

Jambo moja la kuangalia: zinki nene inaongeza unene wa bolti, ndiyo maana nati zake hupanuliwa meno. Nati ya kawaida haitaingia. Na nati iliyopanuliwa ukiifunga kwenye bolti isiyochovywa itacheza na kuchubuka. Nunua pamoja.

Nitumie bolti gani kwenye mashua au boti ya mbao?

Juu ya maji, kwa tanga, reli, viti na kufungia mashine ya nyuma: A4, pamoja na washa pana ndani na nje ili mbao isibonyee.

Chini ya maji mambo yanageuka, na wateja wengi hawatuamini mwanzoni. Stenlesi inajilinda kwa utando mwembamba wa kromiamu ambao unahitaji hewa ya oksijeni ili ujirudishe ukikwaruzika. Ndani ya tundu la mbao iliyoloa hakuna oksijeni. Utando unakufa, chumvi inachimba kiunoni mwa bolti. Kichwa kinang'aa kama jana, nati inang'aa, na katikati pamebaki wembamba wa kalamu. Kwa mbao zilizo majini, chuma kilichochovywa zinki ya moto ni salama zaidi, na kina heshima ya kukuonesha kutu mapema. Wanaoweza gharama wanaweka shaba ya silikoni, ambayo ni nzuri kuliko zote hapo.

Usichanganye na shaba ya njano ya bomba na mapambo. Hiyo ni shaba iliyochanganywa na zinki, na bahari huinyonya zinki yake ikabaki nyekundunyekundu, yenye vitundu, inayovunjika kwa nyundo ndogo. Rangi ikigeuka waridi, itoe.

Na usichanganye aina mbili karibukaribu. Maji ya chumvi yakigusa metali mbili tofauti zilizogusana, iliyo dhaifu inaliwa kwa ajili ya mwenzake. Bolti za zinki jirani na propela ya shaba zitakwisha upesi. Ndiyo kazi ya vile vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye mashine za boti: viliwe vyenyewe kwanza. Vikibaki nusu, badilisha. Visipakwe rangi, maana kipande kilichopakwa rangi hakilindi kitu.

Mafundi wazee wa Nungwi na wa Pemba waliounda majahazi kwa misumari ya chuma na kalafati walichagua msumari mmoja kwa chombo kizima, hawakuchanganya. Sisi tunaona walikuwa sahihi.

Paneli za sola zina fremu ya alumini. Bolti ya stenlesi haitaila?

Kwa paneli ni sawa, kwa sababu bolti ni ndogo na alumini ni kubwa, madhara yanatawanyika. Kinyume chake ndicho kibaya: riveti ndogo ya alumini kwenye bamba kubwa la stenlesi itatoweka. Ukiwa pwani, weka washa ya nailoni katikati.

Nataka kufunga tangi au kiyoyozi kwenye ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe.

Bolti za kutanuka, zile zenye gamba linalojipanua ndani ya tundu, zimekusudiwa zege imara. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, pana lakini laini. Ukiitanua bolti humo, unausukuma ukuta upasuke, na bolti ya 8.8 itatoka nzima na kibonge cha chokaa. Nguvu ya bolti haina maana ikizidi nguvu ya ukuta mara kumi.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutoboa hadi upande wa pili na kufunga kwa bamba pana la chuma, uzito usambae. Ya pili ni stadi, yaani fimbo ya chuma yenye meno, iliyogandishwa kwa gundi ya kemikali ndani ya tundu lililosafishwa vumbi lote, kwa kifuko cha wavu ili gundi isipotelee kwenye mianya ya mawe. Zote mbili tumia A4, kwa sababu kuta hizi hunyonya unyevu wenye chumvi na hutaweza kuifikia tena bolti hiyo. Na kabla ya kutoboa, zungumza na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Ni eneo la urithi wa dunia tangu 2000.

Stadi ndefu za mita moja, zina nguvu gani?

Nyingi zinazouzwa ni 4.6 au 4.8, na watu wanazikata kuzitumia mahali pa 8.8. Angalia ncha: rangi ya njano ni 8.8, kijani ni A2, nyekundu ni A4. Isiyo na rangi wala maandishi ihesabu dhaifu. Ukishaikata ncha yenye rangi, paka tena kipande kilichobaki, vinginevyo mwezi ujao hutajua ni ipi.

Nati nayo ina daraja?

Ina. Imeandikwa namba moja: 8, 10 au 12, na inatakiwa ilingane na namba ya kwanza ya bolti au izidi. Bolti 8.8 na nati 8, bolti 10.9 na nati 10. Nati laini kwenye bolti ngumu haikatiki, inachubuka meno kidogokidogo, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu kwa nje inaonekana imefungwa. Washa nayo iwe ngumu. Laini inabonyea na mkazo unapotea.

Nikaze kiasi gani?

Bolti inabana kwa kuvutika kidogo, na kukaza ndiko kunakoivuta. Kwa 8.8 yenye mafuta kidogo, vipimo vya kawaida ni nyutoni-mita 10 kwa M6, 25 kwa M8, 50 kwa M10, 85 kwa M12 na 210 kwa M16. Kwa 4.6 gawa kwa mbili na nusu hivi. Kitabu cha gari kikisema tofauti, fuata kitabu.

Katika nguvu unayoitia kwenye spana, karibu asilimia 90 inapotea kwenye msuguano wa kichwa na meno. Kumi tu ndiyo inayovuta bolti. Kwa hiyo ukipaka grisi meno yaliyotakiwa kuwa makavu na ukakaza kwa kipimo kilekile, bolti itavutika zaidi sana. Na M6 inakatika kirahisi: mkono unaovuta kilo 30 kwenye spana ya sentimita 20 umeshatoa nyutoni-mita 60. Spana ya kupimia si anasa kwa fundi wa injini.

Naweza kuichomelea bolti ya 8.8?

Usifanye. Nguvu yake imetokana na kupashwa moto, kuzimwa ghafla, kisha kupashwa tena kiwandani kwa joto la chini, nyuzijoto 425 au zaidi. Moto wa kuchomelea unazidi mara tatu. Palipoungua panarudi kuwa chuma laini na pembeni yake panakuwa pagumu penye kuvunjika kama kioo, na namba 8.8 bado iko kichwani inadanganya. Kuipasha kwa gesi ili kuipinda ni kosa hilohilo. Kama ni lazima kuchomelea, tumia chuma laini kinene zaidi. Ukichomelea cha zinki, kaa penye upepo. Moshi wake unaleta homa.

Nilizofungua nizirudishe?

Za kawaida, ndiyo, kama nati inapita kwa vidole na hakuna sehemu ya meno iliyovutika. Weka rula kando ya meno: pakionekana mwanga katikati, imevutika, itupe. Za silinda hedi za injini nyingi za sasa hukazwa mpaka zinyooke makusudi, hizo ni za mara moja. Yubolti za springi za daladala tungekushauri mpya kila springi inaposhushwa, bei yake ni ndogo.

Mkandarasi anataka hati. Hati gani?

Kwa miundo ya chuma omba hati ya aina 3.1 ya mtengenezaji: inataja namba ya kundi la uzalishaji, kemia ya chuma na matokeo ya majaribio ya kuvuta. Linganisha namba ya kundi iliyo kwenye hati na iliyo kwenye lebo ya boksi. Hati nzuri ya boksi jengine haina faida. Kichwani angalia alama ya mtengenezaji pamoja na daraja, 8.8 iliyokaa peke yake, bila alama ya aliyeitengeneza, itilie shaka. Kupiga tupa kulinganisha ugumu kunaweza kukuonesha 4.6 iliyoandikwa 8.8, hakuwezi kukuthibitishia 10.9. Kwa mzigo mkubwa, Taasisi ya Viwango Zanzibar, ZBS, ndiyo mahali pa kuuliza kuhusu upimaji. Ukishafungua maboksi kwenye saiti, usimwage yote kwenye ndoo moja: zikichanganyika, hati zote zimekufa.